UZI: Jani la mbarika kwa mtoki, tuone nini ndipo tuamini linaponya?

BintiLangoni
Assalam aleikum wadau.

Kwetu Lamu mtoto akitoka mtoki, yaani akivimba tezi shingoni au kinenani, dawa ya kwanza ni jani la mbarika (mnyonyo). Linapakwa mafuta ya simsim, linapashwa juu ya makaa mpaka linyauke, kisha linafungwa juu ya uvimbe usiku kucha. Wengine huongeza maji ya majani ya mkilifi (mwarobaini) ya kunywa, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Bibi yangu amewafunga watu jani hilo tangu sijazaliwa, na mtaa mzima utashuhudia kwamba walipona.

Sasa mtoto wa dada yangu, miaka minne, ametoka tezi mbili nyuma ya sikio. Bibi ameshaagiza majani. Dada hataki, anasema hakuna ushahidi. Mama anamjibu: ushahidi gani zaidi ya watu wote hawa waliopona? Mimi niko katikati, na kila mmoja naona ana hoja.

Sitaki kuulizia kama mitishamba ni mizuri au mibaya, hilo tumelichoka. Mtu aone nini ndipo aseme jani hili linaponya mtoki? Na aone nini ndipo aseme haliponyi?

NahodhaMstaafu
Wa aleikum salaam binti yangu. Mimi ni mtu wa Kizingitini. Baharia akikatwa na tumbawe mguuni, siku mbili tatu kinena kinamvimba, kutembea hawezi. Tunamfunga jani, tunamkanda kwa mayi moto ya chumvi, haipiti siku nyingi amerudi chomboni. Wengine mitoki huwarudia mara kwa mara pamoja na homa kali. Tunawafunga tena, wanapona tena. Mimi mwenyewe nimefungwa. Ushahidi ni huo, karatasi ya nini?

KijanaBarani
Lamu bwana, kila ugonjwa mbarika, kila mzigo punda. Hahaha. Salamu kutoka Malindi.

BiMuuguzi
Nimefanya kazi ya uuguzi huku Malindi miaka mingi, sasa nimestaafu. BintiLangoni, kabla ya jani wala hospitali, nijibu haya: tezi zina muda gani? Ukizigusa zinauma? Zinateleza chini ya kidole au zimeshikana na nyama? Mtoto ana homa, anakohoa, amepungua? Na umemkagua kichwa, masikio na meno?

Nauliza kwa sababu tezi iliyovimba ni kituo cha ulinzi kinachofanya kazi. Tezi za nyuma ya sikio zinapokea limfu, yaani majimaji ya mwili, kutoka ngozi ya kichwa, za chini ya taya kutoka mdomoni na kooni, za kinena kutoka mguuni na sehemu za siri. Mwizi mara nyingi yuko kwingine kabisa. Ukiponya tezi bila kumtafuta, umempoza mlinzi tu.

BintiLangoni
Ahsante Bi. Zina kama wiki tatu, ndogo, mfano wa punje ya kunde, zinateleza. Haziumi sana. Hana homa, anacheza na anakula. Kichwani ana mapunye, nywele zimemtoka mahali pawili.

BiMuuguzi
Basi nadhani mwizi tumemwona. Mapunye huvimbisha tezi za nyuma ya sikio na za kisogoni, tena sana. Krimu ya kupaka peke yake haitoshi, kwa sababu kuvu wameingia ndani ya shina la unywele. Inatakiwa dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Mpelekeni akaandikiwe.

MwalimuMaweni
Nafundisha bayolojia sekondari. Narudi kwenye suala la mwanzo.

Mama anasema watu wote hawa walipona. Sawa. Wangapi wangepona bila jani? Hiyo ndiyo nusu ya hesabu ambayo mtaa hauwezi kuishuhudia. Tezi nyingi zinazovimba kwa mafua, koo, jino au kidonda hunywea zenyewe. Perema nayo hupanda kwa siku chache, ikakaa, na baada ya wiki hivi hadi siku kumi imekwisha, ufungwe jani au usifungwe.

Na tazama mtu anakwenda lini kwa bibi. Haendi siku tezi inapoanza kuchomoza. Anakwenda usiku ule maumivu yamezidi, shingo haigeuki, mama amechoka. Ugonjwa ambao una kilele umeshafika kileleni. Lolote utakalofanya usiku huo, kesho litaonekana limeponya.

Kisha kuna wale ambao hawakupona. Hawarudi kumwambia bibi. Wanakwenda kwa mtu mwingine au hospitali, na kwa bibi wanahesabiwa kama kimya. Baada ya miaka arobaini, bibi mkweli kabisa, asiyetaka kumdanganya mtu, atakuwa na kumbukumbu zilizojaa waliopona.

MgeniWaBara
Niko Malindi kikazi, nimezaliwa Kakamega. Utotoni tukipata perema tulibebeshwa vijiti kichwani, tukatumwa kuuzunguka mti mbio, tukavitupa hapo na kurudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Sote tulipona! Nahodha utasemaje?

NahodhaMstaafu
Nitasema ule ni mchezo wa watoto. Jani la moto linagusa mwili, moto unaingia, damu inatembea. Usifananishe.

MwalimuMaweni
Nahodha, heshima yako mzee wangu. Ila ushahidi wa MgeniWaBara una umbo lile lile la wako: walifanyiwa kitu, wakapona, wote. Kama ushahidi huo unatosha kwa jani, unatosha na kwa kuuzunguka mti. Kama hautoshi kwa mti, lazima tulete kingine kwa ajili ya jani.

MtiShamba_Gede
Naona tunahukumiwa bila kuitwa barazani.

Mimi natibu kwa miti, nimefundishwa na babu yangu. Kwanza, jani la mbarika simfungi kila mtu. Nagusa. Uvimbe mgumu, usiouma, usiosogea, namwambia mwenyewe aende hospitali. Pili, siwapi watoto wadogo mkilifi wa kunywa, na anayewapa hajui kazi. Tatu, Mwalimu, unasema lete ushahidi. Maabara nazo zina makosa yake. Wanachukua majani mabichi au yaliyokauka kiangazi, wanayachemsha wanavyotaka wao, kisha wanaandika "hayana kitu". Dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa Kichina, yule mama Tu Youyou aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015, ilikaribia kupotea kwa sababu ya kuchemshwa! Kitabu cha kale kiliagiza mmea uloweke majini na kukamuliwa. Alipoacha moto mkali akatumia njia ya baridi, ndipo dawa ikaonekana. Walioujua mmea ni wazee.

MwalimuMaweni
Hoja nzuri sana hiyo, na naikubali. Ila malizia kisa. Wazee walimpa mahali pa kutafuta. Yeye na wenzake walipitia mapishi mengi mno ya kale, na mengi hayakufaa. Yote yalikuwa na wazee nyuma yake. Lililofaa lilitengwa na yasiyofaa kwa kupimwa, kwanza kwa wanyama, kisha yeye na wenzake wakainywa kupima usalama, kisha wagonjwa.

BiMuuguzi
Naunga mkono alichosema MtiShamba kuhusu mkilifi na watoto. Wengine wenu mna mwarobaini uani na mnadhani kwa kuwa ni mti wa nyumbani hauna madhara. Mafuta ya mbegu zake yaliwahi kuwadhuru watoto wachanga huko Malaysia: kutapika, usingizi mzito, degedege, ini kuharibika. Madaktari waliandika habari hizo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Majani si sawa na mafuta, najua, lakini mtoto wa miaka minne ni mdogo. Mja mzito pia asiuguse.

Na mbegu za mbarika msiziache karibu na watoto. Ndani yake mna sumu kali.

PundaWaShela
Mimi nafuga punda, nisameheni kwa kuingiza wanyama, lakini linahusu. Punda hupata ugonjwa wa tezi za chini ya koo. Zinavimba mpaka anapumua kwa taabu, zinaiva, zinapasuka usaha, kisha anapona. Daktari wa mifugo alinieleza ni bakteria, na akaniambia nimkande kwa kitambaa cha maji moto ili jipu liive upesi. Hakutaja jani lolote.

Nahodha huenda ana haki kuhusu moto. Na jani huenda halina kazi zaidi ya kushika joto na mafuta.

NahodhaMstaafu
Haya! Angalau punda ameniunga mkono.

MtiShamba_Gede
Au moto na jani vyote vinafanya kazi. Umejuaje kwamba jani halina lake?

PundaWaShela
Sijajua. Ndiyo maana nimesema huenda.

BiMuuguzi
Nahodha, nirudi kwako kidogo. Umesema mitoki huwarudia baharia walewale, na homa kali. Hapo usingoje jani. Pwani yetu, Lamu ikiwemo, ina matende na busha. Mbu anamwingiza mtu minyoo midogo ambayo inakaa ndani ya mishipa ya limfu. Mgonjwa hushikwa na homa, kinena au mguu unavimba na kuuma kwa siku chache, kisha hali inatulia yenyewe. Baada ya miezi inarudi. Kila mkirudia jani, linapona, na kila mara jani linapata sifa. Huku nyuma mishipa inaharibika pole pole mpaka mguu haurudi tena. Dawa za matende zikigawiwa nyumba kwa nyumba, zimezeni. Nimeona nyumba zinazozitupa.

Sisemi wote ni matende. Aliyekatwa na tumbawe jana, kinena chake kinavimba kwa sababu ya kidonda. Lakini anayerudiwa ni habari nyingine.

KijanaBarani
Mnakumbuka kikombe cha dawa ya mti cha Babu wa Loliondo, yule mchungaji wa Tanzania, mwaka 2011? Shilingi mia tano za Tanzania, foleni ya magari kilomita na kilomita. Jirani yetu alikwenda kutoka hapa Malindi, akarudi anaapa amepona kisukari. Huo ulikuwa ushahidi wa watu wengi kuliko wa Lamu nzima.

UstadhMpole
Tusiwakejeli waliokwenda, walikuwa wagonjwa na walikuwa na matumaini.

Naongeza jambo ambalo hamjaligusa. Majumbani mwetu mgonjwa hapewi kitu kimoja. Anafungwa jani, anasomewa, anakunywa kombe, mama anampikia uji, na mjomba anamletea vidonge kutoka dukani. Akipona, kila mmoja anasema ni changu. Mimi naamini shifaa ni ya Mwenyezi Mungu, na sababu tumeamrishwa kuzitafuta. Lakini sababu ipi hapo? Bibi yake BintiLangoni huenda hajui kwamba nusu ya wagonjwa wake walikuwa wanameza viuavijasumu kimyakimya kwa kumwonea haya.

BintiLangoni
Ustadh umenigusa. Binamu yangu wa Mkomani, ambaye kila mtu anamtolea mfano kwamba tezi yake ya taya iliisha kwa jani, alikuwa ameng'olewa jino wiki ileile. Nimemuuliza leo. Bibi hakuambiwa.

Magofu1498
Wapenzi wa historia mniruhusu. Wareno wa Vasco da Gama walipofika hapa Malindi mwaka 1498, mabaharia wana kiseyeye, fizi zimevimba, walipewa machungwa wakapona. Hakuna aliyewapima maabara. Macho tu yalitosha.

NgomeKongwe
Magofu, umechanganya. Waliopona mwaka 1498 walipona Mombasa, mwezi wa Aprili, kabla ya kufika Malindi. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea machungwa na malimau, lakini shajara ya safari inasema walipona kwa sababu hewa ya pale ni nzuri! Machungwa hayakupewa sifa.

Malindi ni safari ya kurudi, Januari 1499. Wengi walikuwa wameshakufa njiani kutoka Bara Hindi. Hapo waliagiza machungwa makusudi kwa ajili ya wagonjwa, yakaletwa. Na shajara inasema hayakuwafaa sana, wengi wakafa hapahapa Malindi, na lawama ikapewa hali ya hewa.

MwalimuMaweni
NgomeKongwe umenipa zawadi. Dawa ilikuwa ya kweli, sisi leo tunajua machungwa yana vitamini C na ndiyo dawa ya kiseyeye. Mara ya kwanza walipona na sifa ikaenda kwa hewa. Mara ya pili wagonjwa walikuwa mahututi mno, wakafa, na machungwa yakaonekana hayafai. Macho yalikosea pande zote mbili, na watu hao walikuwa wanapigania maisha yao, hawakuwa wajinga.

Jaribio lililokata shauri ni la daktari wa meli Mskoti, James Lind, mwaka 1747. Alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, wanafanana hali, wanalala pamoja, chakula kimoja, akawagawa wawili wawili na kila jozi ikapewa dawa tofauti: siki, maji ya bahari na kadhalika. Jozi ya machungwa na malimau ikainuka ndani ya siku sita hivi. BintiLangoni, ukitaka jibu la suala lako, kwangu liko pale. Watu wanaofanana, wakati mmoja, wengine jani, wengine hapana.

MtiShamba_Gede
Na jeshi la maji la Uingereza lilikaa mpaka mwaka 1795 ndipo likaamuru maji ya malimau. Karibu miaka hamsini. Kwa hiyo hata ushahidi mzuri hausikilizwi ukitoka kwa mtu mdogo. Sisi wa miti tunalijua hilo.

NahodhaMstaafu
Huyo Lind nampenda. Basi tufanye hivyohivyo. Mabaharia wakivimba kinena kwa kidonda cha tumbawe, tupige kura kwa kokoto. Wengine jani la moto, wengine kitambaa cha moto.

BiMuuguzi
Nahodha, nia njema, lakini wote wawe wameoshwa kidonda vizuri na kupewa matibabu yao ya kawaida. Na mwenye kupima uvimbe asijue nani alifungwa nini, maana sote tunaona tunachokitamani. Tena lazima kwanza ithibitishwe ni tezi ya kidonda. Ukichanganya matende, kifua kikuu na vidonda katika kundi moja, utapata uji usiojulikana nafaka yake.

Na kuhusu kifua kikuu, nisiondoke bila kusema. Hakikai mapafuni tu. Nje ya mapafu, tezi za shingo ni mahali pake pa mara nyingi. Tezi inakua polepole, haiumi, mara nyingine zinashikana, baadaye inapasuka na kutoa usaha usiokauka. Nimewahi kumhudumia kijana aliyefungwa majani miezi, mara inapungua, mara inakua, nyumbani wakisema dawa inapambana. Ilipochomwa sindano na majimaji kupimwa, kifua kikuu. Dawa ni miezi sita, hospitali za serikali hazilipishi.

Na sikilizeni hili: tezi za kifua kikuu wakati mwingine huongezeka ukubwa mgonjwa akiwa anameza dawa sahihi. Nimeona watu wakiacha vidonge kwa sababu hiyo na kurudi kwenye majani. Kama machungwa ya Malindi kabisa.

ChumviGongoni
Nafanya kazi za chumvi huku Gongoni. Je, rovu nalo ni hayo hayo? Shangazi ana uvimbe mbele ya koo miaka mingi, amefungwa kila jani.

BiMuuguzi
Hapana, hiyo ni tezi nyingine kabisa, ya koo la mbele, na sababu moja kubwa ni upungufu wa iodini. Ndiyo maana chumvi ya dukani hutiwa iodini. Ile mnayochota mashambani mwa chumvi kabla ya kutiwa haitoshi. Miaka mingi hivyo, apimwe damu.

ChumviGongoni
Na sisi ndiyo tunaopika kwa ile ya shambani. Ahsante Bi.

KijanaMaweni2
Kuna unga wa mitishamba unauzwa kwenye makopo bila jina. Rafiki yangu tezi zake zilinywea kwa siku mbili, hamu ya kula ikarudi, viungo vikaacha kuuma. Huo je? Si ushahidi wa haraka?

MtiShamba_Gede
Huo mimi nauogopa. Mti haufanyi kazi hivyo.

BiMuuguzi
Nami nauogopa, na kwa mara nyingine niko upande wa MtiShamba. Unga unaonyweza kila uvimbe kwa siku mbili na kumpa mtu njaa kubwa, shuku umechanganywa na steroidi, dawa kali za hospitali za kuzima uvimbe. Steroidi hunyweza hata saratani ya tezi kwa muda, kisha daktari akikata kipande kupima, haoni sawasawa. Dawa ikifanya kazi haraka mno kwa kila mtu, mimi shaka inanizidi.

BintiLangoni
Nirudishe habari. Dada alimpeleka mtoto, ameandikiwa dawa ya mapunye ya kumeza. Bibi naye, usiku, amemfunga jani nje tu, mkilifi hakumpa. Dada alinyamaza. Kwa hiyo tezi zikiisha, nyumba yetu itakuwa na madai mawili na hakuna wa kuamua. Bibi ameshaanza kusema zimelainika.

MwalimuMaweni
Na mapunye, yameanza kukauka?

BintiLangoni
Bado mapema.

MtiShamba_Gede
Mwambie bibi abadilishe jani kila usiku. Likikauka halina kazi.

MgeniWaBara
Na akishindwa, auzungushe mti.

Faza_Mpya
Samahani kwa kuingia mwisho, nimesoma uzi wote. Ami yangu huku Faza ana uvimbe juu ya mfupa wa bega, upande wa kushoto, pale penye shimo la shingo. Mgumu kama kokoto, hauumi. Amepungua sana, usiku anatoka jasho. Amekuwa akifungwa mbarika tangu mwezi wa Ramadhani. Anasema jani linahitaji muda. Nimwambie nini?

BiMuuguzi
Mwambie asifungwe tena. Pale alipo uvimbe ni mahali ambapo hatungojei hata ukiwa mdogo: unaweza kuwa kifua kikuu, unaweza kuwa saratani ya tezi au ya ndani ya kifua na tumbo. Kukonda na jasho vinaongeza uzito. Apigwe picha ya kifua, tezi ichukuliwe kipande, apimwe makohozi na virusi vya Ukimwi. Wiki hii, si mwezi ujao. Na kama kuna mtoto yeyote ambaye taya au shavu linakua ukilitazama, siku kwa siku, naye ni hivyohivyo. Kuna saratani ya watoto ya taya ambayo Denis Burkitt aliiandika kutoka Uganda mwaka 1958, huku kwetu kwenye malaria ipo, na ikiwahiwa inatibika kwa dawa.

MtiShamba_Gede
Huyo hata kwangu angerudishwa mlangoni. Faza, mwambie ni mtu wa miti aliyesema.

Faza_Mpya
Shida ni safari. Anaogopa boti na hana nauli.

NahodhaMstaafu
Nitumie ujumbe wa faragha. Kesho mwanangu anashuka Lamu na maji ya alfajiri, atapita Faza kumchukua. Akae katikati ya chombo, avae kitu kizito, na mmoja wenu aandamane naye hadi hospitali.